Afrika Niliyoiona kwa Kuchimba Visima

Watu wengi huijua nchi kwa uso wake: milima yake, misitu yake, ziwa lake. Mimi nimezijua nchi kwa kile kinachopanda kutoka chini. Nachimba visima virefu vya maji. Makao yangu ni Nakuru, Kenya, ingawa nilizaliwa tambarare ya Kano karibu na Kisumu, upande wa Ahero, mahali ambapo mvua ikinyesha Nandi sisi wa tambarare ndio tunaohama. Kazi hii imenifikisha Uganda, Sudan Kusini na Zambia, na kote huko nimeona kwamba ile ramani ya darasani, kijani kwa msitu na manjano kwa jangwa, inaficha mambo mawili ambayo mtu wa visima hawezi kuyakwepa: mwamba ulio chini una umri gani, na maji ya mvua yakishatua yanaelekea wapi.

Kwa asiyewahi kusimama kando ya mtambo, kazi huenda hivi. Kompresa inanguruma, nyundo inapiga chini ya shimo, na hewa inarudi juu na vumbi pamoja na punje za mwamba. Kila baada ya mita moja au mbili kijana anakinga punje hizo kwa karai, anazisuuza, anazimwaga fungu dogo juu ya turubai, fungu moja baada ya jingine kwa mstari. Jioni mstari ule unasomeka toka mwanzo hadi mwisho. Wekundu wa juu, kijivu, kijivu tena kwa mita nyingi, kisha ghafla weusi wenye vitone vyeupe. Mimi huchukua kidogo na kusugua kwa vidole. Mfinyanzi hunata na kuteleza. Majivu ya volkano huvunjika na kuacha unga mkavu unaokwaruza. Granaiti hung'ara, na ina makali. Daftari huandikwa hapo hapo, kabla mikono haijakauka.

Nakuru ndiko nilikoanzia. Mji umekaa ndani ya Bonde la Ufa, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na juu yake uko Menengai, mlima wa volkano wenye kasoko ya kilomita za mraba zipatazo 90. Karibu kila tunachopitia huko chini kilitapikwa na volkano: majivu, vijiwe vyepesi vinavyoelea majini, kisha tabaka gumu la lava, kisha majivu tena. Mashimo ya mita 200 na zaidi ni ya kawaida kwenye miinuko ya bonde, na majivu yana tabia ya kuporomoka na kuifungia nyundo chini. Ndiyo maana fundi wa Nakuru hushusha mabomba ya chuma mapema, hata mwenye shamba akilalamikia gharama. Maji yakipatikana mara nyingi yana uvuguvugu. Kule Eburru watu hawangoji hata kisima: wanatega mvuke unaofuka ardhini kwa mabomba, unapoa, wanapata maji ya kunywa. Na pale Olkaria, upande wa Naivasha, joto hilo hilo la chini limekuwa likizalisha umeme tangu 1981.

Joto hilo lina gharama yake. Maji mengi ya bonde yana floraidi nyingi, kwa sababu miamba ya volkano za huku inayo, na maji yenye joto huiyeyusha vizuri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Visima vingi vya Nakuru na majirani zake vinapita hapo, na ushahidi uko kwenye meno ya kahawia ya watu waliokulia hapa. Kwa wengine umefika hadi kwenye mifupa. Kuna mama mmoja wa Bahati, karibu na Nakuru, tuliyemchimbia, maji yakaruka juu kuliko paa la jikoni, watoto wakacheza ndani yake. Alikuja na ndoo.

"Fundi, maji si yametoka? Sasa mbona unanizuia kuwapa watoto?"

"Yametoka, mama, na ni mengi. Fulia, oshea vyombo, mwagilia. Ya kunywa tungoje maabara iseme."

Alikasirika, na haki alikuwa nayo, maana alikuwa ameuza ng'ombe kulipia shimo lile. Majibu yalipokuja aliweka kichujio cha mkaa wa mifupa cha kupunguza floraidi, aina ambayo Jimbo Katoliki la Nakuru limeifanyia kazi kwa miaka mingi, na maji ya mvua akayawekea tangi. Nasema wazi: anayemchimbia mtu kisima ndani ya bonde hili bila kupeleka chupa maabara hajamaliza kazi, hata kama maji yanaruka.

Mwezi wa Machi 2018 ardhi ilifunguka karibu na Mai Mahiu, barabara ya kwenda Narok ikakatika, na dunia nzima ikatangaziwa kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Inapasuka, ni kweli, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba kilichoonekana siku zile ni mvua kubwa iliyosomba majivu yaliyokuwa yamejaza nyufa za zamani. Maelezo yale niliyaelewa mara moja, kwa sababu majivu hayo ndiyo yanayotumezea nyundo. Kilichoniuma ni kwamba kelele za bara kupasuka zilifunika jambo lenye faida kwa watu, yaani kwamba chini ya mashamba na nyumba zetu kuna nyufa zilizozibwa kwa vumbi tu, na zinaweza kujulikana zilipo kabla mtu hajamwaga msingi. Hata ndani ya mji wa Nakuru ardhi hudidimia mvua ikizidi.

Ukitoka Nakuru kwenda Kisumu kwa njia ya Mau Summit unapanda hadi karibu mita 2,500, kisha unateremka hadi ziwani, mita 1,134. Kupanda na kushuka huko kumenifunza kuliko kitu kingine chochote. Mvua inayoangukia upande wa mashariki wa milima ya Mau hushuka kwa mito ya Njoro, Makalia na Nderit hadi Ziwa Nakuru, na safari yake inaishia hapo. Haitoki ila kwa kukaushwa na jua. Ndiyo maana ziwa lile lina magadi, na ndiyo maana mvua zilipozidi kuanzia miaka ya 2010 halikuwa na pa kupunguzia, likameza nyumba za Mwariki na lango kuu la mbuga. Maji ya Ewaso Ng'iro ya kusini huvuka kwenda Natron, Tanzania, nayo yanafia huko. Ya magharibi huchukuliwa na Sondu na Nyando hadi Ziwa Victoria, hutokea Jinja, huwa Nile, na yanayosalimika njiani hufika bahari ya Mediterania. Ukisimama juu ya mgongo ule, hatua chache tu ndizo zinazoamua tone liishie kwa flamingo wa Nakuru au lianze safari ya Misri.

Nilipochimba kwa mara ya kwanza nyumbani Kano, mstari wa turubai haukufanana hata kidogo na wa Nakuru. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, mchanga wa mto, mfinyanzi, changarawe, mfinyanzi tena. Hiyo ni milima ya Nandi na Londiani, iliyoshushwa na Nyando kidogo kidogo. Kano yenyewe ni tawi la Bonde la Ufa lililochepuka kuelekea magharibi, na Ghuba ya Winam imelala ndani ya tawi hilo. Mafuriko yanayotuhamisha ndiyo yaliyotandaza udongo ambao leo unalimwa mpunga Ahero.

Panda sasa hadi Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu, pale kwenye alama ya ikweta. Nyundo inagonga granaiti. Mawe ya Kit Mikayi kule Seme ni granaiti iliyobaki imesimama baada ya udongo wa pembeni kuondoka. Miamba ya pande hizi, pamoja na ile ya Kakamega ambako watu walikimbilia dhahabu miaka ya 1930, ni sehemu ya kiini kikongwe cha bara, na umri wake unafika miaka bilioni 2.5 na zaidi. Volkano ya Menengai haina hata miaka laki mbili. Baina yake na Maseno ni saa chache za gari.

Granaiti ina sheria zake. Maji hayakai ndani ya jiwe lenyewe, hukaa katika sehemu ya juu iliyooza na katika nyufa. Ukipita mita 60 au 80 bila kuukuta ufa, kuongeza kina mara nyingi ni kuchoma dizeli. Nimebishana na watu wengi juu ya hili, hasa wenye pesa, ambao huamini kwamba maji lazima yapo, ni kushuka tu. Nawaambia tuhamishe mtambo, twende kule bondeni ambako mti mkubwa umesimama peke yake, tupime upya. Mwamba wa namna hii hubeba karibu asilimia 40 ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara, kwa hiyo aliyejifunza Maseno amejifunza nchi nyingi kwa mpigo. Nilipofika Soroti na Lira huko Uganda, lugha ya watu ilikuwa ngeni, mwamba ulikuwa wa kwetu.

Uganda ndiko nilikoelewa pia kwa nini ziwa letu la Victoria liko vile lilivyo. Zamani mito ya eneo hili ilitiririka kuelekea magharibi. Kisha ufa wa pili, ule wa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika, ukainua kingo zake, na mito kama Katonga na Kagera ikageuzwa kurudi ilikotoka. Maji yakatuama katikati ya nyufa mbili. Wataalamu wanakadiria ilikuwa kama miaka 400,000 iliyopita. Kwa hiyo Victoria ni sinia na Tanganyika ni mtungi: la kwanza lina kilomita za mraba zipatazo 68,000 lakini kina chake cha juu kabisa ni kama mita 80, la pili ni jembamba na linafika mita 1,470. Wavuvi wa Dunga hushangaa sana nikiwaambia hivyo, kwa sababu kwa macho hakuna maji makubwa kuliko yao. Tena wengi hudhani ziwa liko chini kwa kuwa kwenda huko ni kuteremka, kumbe liko zaidi ya kilomita nzima juu ya Mombasa. (Na Rwenzori, iliyo ukingoni mwa ufa huo wa magharibi, haikutapikwa na volkano kama Kilimanjaro au mlima Kenya. Ni kipande cha mwamba wa kale kilichosukumwa juu hadi mita 5,109. Nikiwa na siku ya mapumziko, ndiko ningependa kwenda.)

Sudan Kusini nilikaa kwa muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote ya kigeni. Kutoka Nimule kwenda Juba bado kuna mawe na vilima. Ukipita Juba kuelekea Bor, nchi inalala. Udongo mweusi ule ule wa Kano, isipokuwa huu hauna mwisho, na hakuna jiwe wala kilima cha kukuonyesha umefika wapi. Nile ambayo kule kwenye maporomoko ya Murchison, Uganda, ilijibana na kupenya kwenye mwanya wa mita zipatazo saba, hapa inakosa mteremko kabisa. Inatawanyika kuwa kinamasi cha Sudd, mafunjo na visiwa vinavyoelea, na karibu nusu ya maji yaliyotoka kwetu huishia hewani. Mwaka 1978 ulianza kuchimbwa mfereji wa Jonglei ili maji yakipite kinamasi hicho yaende kaskazini upesi. Vita iliyoanza mwaka 1983 ikaisimamisha kazi, na mashine kubwa ya kuchimbia ikaachwa kule kule ipate kutu. Mimi naona ni heri haikumaliza. Malisho ya ng'ombe, samaki na hata maji ya chini ya eneo lile vinategemea mto kutawanyika.

Nilikuwa huko wakati wa mafuriko makubwa yaliyoanza 2019. Kambi yetu tuliizungushia tuta la udongo, na tukawa tunalikagua usiku kwa tochi. Mzee mmoja wa Bor, aliyekuwa ameishi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na kusema Kiswahili vizuri, aliniuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo.

"Wewe mtu wa maji, hebu nieleze. Mvua hapa haijanyesha wiki hizi, na mto unazidi kupanda. Haya yanatoka wapi?"

Nikamwambia yanatoka ziwani kwetu, limejaa kupita kiasi, na Jinja yanatoka mengi.

"Kwa hiyo ninyi ndio mnaotutumia."

"Hapana, mzee wangu. Mwaka huu hata Kano watu wamehama. Mama yangu mwenyewe amelala shuleni."

Alinyamaza, kisha akataka nimchoree chini njia yote. Nilichora kwa kijiti: Mau, Nyando, ziwa, Jinja, Ziwa Kyoga, Ziwa Albert, Juba, Bor. Alitaka kujua maji huchukua muda gani kutoka mahali hadi mahali, nikamweleza kwamba maziwa yale huyapokea na kuyaachia taratibu, kwa hiyo mvua ya msimu mmoja hutembea miezi na miezi. Naye akasema kama ni hivyo basi angependa apigiwe simu kutoka Kisumu, ahamishe ng'ombe mapema. Bado naliona kuwa wazo zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye mikutano ya wataalamu. Ziwa Victoria lilifika viwango vya juu sana 2020, likarudia 2024, na kila mara watu wa chini walipata habari kwa miguu yao kulowa. Katika visima tulivyochimba huko tulijifunza kuinua kitako cha zege cha pampu juu sana, mtu apande ngazi kuteka, ili mafuriko yakija kisima kisigeuke shimo la kuingizia uchafu.

Juba nilifanya kazi na fundi Msudani aliyewahi kuchimba Libya, kwenye ule mradi mkubwa wa mabomba ya kuvusha maji jangwani, uliofikisha maji Benghazi mwaka 1991. Yeye ndiye aliyeniondolea picha ya Sahara ya mchanga mtupu. Mchanga ni kama robo tu. Kwingine ni uwanda wa mawe, changarawe, na milima kama Tibesti ya Chad inayozidi mita 3,400. Na chini ya Libya, Misri, Sudan na Chad kuna mwamba wa mchanga uliojaa maji, mvua ya maelfu ya miaka iliyopita, enzi Sahara ilipokuwa na nyasi na viboko, na Ziwa Chad lilipokuwa kubwa kuliko Victoria mara kadhaa. Alikuwa akisema kuwa unapoyaonja unajua hayatarudi. Maseno ukiteka, mvua ya mwaka ujao hurudisha. Kule, hapana.

Zambia ilikuwa kitu kingine. Lusaka iko karibu mita 1,280, juu kuliko Kisumu, na sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mwamba wa chokaa wenye mapango. Unachimba, mwamba mgumu, mwendo wa kawaida, halafu mtambo mzima unashtuka: nyundo imeanguka mita nzima au mbili kwenye uwazi. Hewa haipandi tena, turubai linakosa fungu. Mara nyingi uwazi huo ndio wenye maji, mengi ajabu. Ila yanayokimbia upesi chini hukimbia na uchafu wa juu, na vyoo vya shimo katika mitaa iliyosongamana viko mita chache kutoka visimani. Kipindupindu cha 2023 na 2024 kilipoua mamia ya watu nchini humo, nilikumbuka zile nyundo zilizokuwa zikianguka. Granaiti ya Maseno haiwezi kukufanyia hivyo kwa kasi ile.

Mongu, magharibi ya Zambia, ni mchanga wa Kalahari, mweupe na laini, kina hadi kina. Jiwe la kujengea huletwa kutoka mbali. Mvua hainyeshi ikatiririka, inazama pale pale ilipoangukia. Lakini chini ya ukingo wa mji kuna uwanda ambao Zambezi huufurika kila mwaka, na Walozi huhama kwa sherehe ya Kuomboka, mfalme wao akiwa kwenye mashua, ngoma zikilia. Mimi mtu wa Kano niliitazama kwa wivu. Maji yale yale yanayotukimbiza usiku, wao wameyawekea mpango, wana makao ya masika na makao ya kiangazi, na kila mtu anajua lini atahama na kwenda wapi.

Sasa lipo jambo moja linalonisumbua na nitalisema hapa. Yale madaftari. Nchini Kenya sheria inatutaka tuwasilishe taarifa ya kila kisima kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji: kina, aina za mwamba, maji yalipokutwa, kiasi chake. Majirani nao wana utaratibu wao. Lakini fundi anayeanza kazi Busia upande wa Kenya hana njia rahisi ya kujua kilichokutwa Busia upande wa Uganda, na mwamba hauujui mpaka. Nimeona kampuni ikichimba mashimo makavu mahali ambapo ng'ambo, umbali wa kutembea, mwingine alikuwa ameshakuta makavu na kuyaandika. Familia maskini ndizo zinazolipia marudio hayo. Yangu nimeanza kuyapiga picha ukurasa kwa ukurasa, ya Kano, Bahati, Soroti, Bor na Mongu, na kila kijana ninayemfundisha nampa nakala yote. Ofisi za maji za nchi zinazochangia Ziwa Victoria zina watu na mitambo ya kufanya hivyo kwa maelfu ya visima. Kisumu, kwa kuwa iko ufukweni na mipaka iko karibu, ingefaa kuwa mahali pa kuyaweka pamoja.